Mamba ni Ndugu wa Nani?

Juma hili twaanza kwa kukiri kosa. Siku zilizopita, katika ukurasa huu huu, tuliandika ya kwamba mamba ni mjusi mkubwa aliyezoea kukaa majini. Tuliandika hivyo kwa mazoea tu, maana ndivyo tulivyofundishwa utotoni, wala hatukufikiri mara mbili. Sasa imetufikia barua kutoka Baraka, yenye mwandiko safi, ya mwanafunzi wa sekondari ambaye ametuomba tusimtaje jina. Asema kwamba darasani aliulizwa mamba ni wa jamaa gani, naye akajibu kuwa, kati ya viumbe walio hai leo, jamaa wa karibu kabisa wa mamba ni ndege, yaani kuku, bata, kunguru na wenzao. Darasa zima likacheka. Mwalimu akatoa gazeti letu mezani, akasoma maneno yetu kwa sauti, akampa sifuri. Tangu siku hiyo wenzake humwita Bwana Kuku. Mwishoni mwa barua ameandika swali moja tu: aliyekosea ni yeye au ni sisi?

Ni sisi. Kijana amesema kweli.

Tungeweza kuishia hapo, lakini mwalimu naye anastahili kupewa sababu. Mtu haachi neno alilolizoea tangu utoto kwa kuwa tu gazeti limegeuza usemi, na gazeti lililomkosesha mara moja halina haki ya kumwambia, “Niamini.” Basi tutampa sababu zenyewe, azipime. Sababu hizo zimo katika mifupa ya kichwa, nasi twaomba kila msomaji aanze na kichwa chake mwenyewe.

Weka kidole kwenye panja, kati ya jicho na sikio, kisha uma meno kwa nguvu. Utasikia nyama ikivimba chini ya kidole. Hiyo ndiyo nyama inayofunga taya. Inatoka ubavuni mwa fuvu, inapita nyuma ya mfupa wa shavu na kushuka hadi taya la chini. Mahali inapopita pana uwazi katika mifupa, na uwazi huo kila upande ni mmoja. Ng’ombe anao mmoja, mbuzi mmoja, panya mmoja, na sisi vivyo hivyo. Mtu akiokota fuvu la mbuzi jalalani ataweza kuuona kwa macho yake.

Mjusi, nyoka, mamba na ndege wametoka katika ukoo mwingine, ambao nyuma ya jicho ulikuwa na matundu mawili, moja juu na moja chini, yakitengwa na mfupa mwembamba kama mwimo wa dirisha. Si wote waliotunza urithi huo kama walivyoupokea. Mjusi amepoteza kizingiti cha tundu la chini. Nyoka amepoteza vizingiti vyote viwili, ndiyo sababu mojawapo ya kichwa chake kulegea na kumeza mnyama mnene kuliko kichwa chenyewe. Ndege naye ubongo wake umekua hata matundu yakaungana na tundu la jicho. Mamba peke yake ameyahifadhi yote mawili, kamili, kama nyumba ya babu isiyoguswa. (Kobe hana tundu hata moja, naye amewasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Tumwache leo, la sivyo hatutamaliza.)

Hapo mwalimu atasema: basi mamba na mjusi ni ukoo mmoja, nanyi mlikuwa sawa. Ni ukoo mmoja, ndiyo. Lakini katika ukoo mna milango, na ndani ya mlango mna nyumba. Mtoto wa shangazi si sawa na mtoto wa mama mmoja. Ili kujua mamba alale nyumba ipi, hatuna budi kutazama alama nyingine.

Alama ya kwanza tuliitafuta jikoni. Tulichukua kichwa cha kuku, tukakichemsha polepole hata nyama ikaachia, tukakisugua kwa mswaki wa zamani. Mpishi wetu alitutazama kwa huruma, akidhani fedha za chakula zimekwisha. Katika fuvu lile, kati ya tundu la pua na tundu la jicho, pana uwazi mwingine, dirisha dogo lisiloonekana kuku akiwa na ngozi yake. Mjusi hana dirisha hilo. Binadamu hana. Mamba wa leo pia hana, nasi twakubali kwamba hapo mwalimu angeweza kutushika. Lakini wazee wa mamba walikuwa nalo, na ushahidi umeandikwa katika mawe, tutaufikia. Halafu mamba wa leo ana dirisha lingine ubavuni mwa taya la chini, upande wa nyuma. Mvuvi mzee wa Baraka aliwahi kutuonyesha fuvu la mamba alilolitundika ukutani mwa nyumba yake, na kidole chetu kilipenya katika taya lile pasipo shida. Dirisha la taya ni alama ya mlango huo huo wa ukoo. Wenye mlango huo ni mamba, dinosauri na ndege.

Na meno je? Ya mamba yamesimama kila moja katika shimo lake, kama nguzo iliyochimbiwa ardhini. Ya kenge yamegandamana na ubavu wa ndani wa taya. Aliyekata kichwa cha kenge na kichwa cha mamba ajaribu kung’oa jino katika kila kimoja, naye ataona tofauti mara moja.

Wavuvi wa Ghuba ya Burton wana ushahidi mwingine usiohitaji fuvu. Mamba jike hufukia mayai yake mchangani, akakaa karibu nayo muda wa miezi mitatu hivi, akiyalinda. Watoto huanza kulia wangali ndani ya yai, kama vifaranga, na mama akisikia sauti hufukua mchanga, akawachukua kinywani kwa upole na kuwapeleka majini. Kenge hutaga akaenda zake. Zaidi ya hayo moyo wa mamba una vyumba vinne, kama wa kuku. Wa mjusi una vitatu. Mambo haya peke yake yasingetosha, maana tabia mbili zaweza kufanana pasipo udugu, kama tutakavyoona. Lakini yakijumlishwa na mifupa yanatoa ushahidi mzito.

Sasa tuvuke ziwa. Kusini mwa Tanzania, mashariki ya Ziwa Nyasa, uko mto uitwao Ruhuhu. Katika mawe ya bonde lake mna mifupa ya wanyama walioishi yapata miaka milioni 240 iliyopita. Mwaka 1963 wataalamu Waingereza walifanya safari huko, wakachukua mawe mengi yenye mifupa hadi London. Katika mawe hayo lilikuwamo fuvu la mnyama wa kutisha, lenye urefu wa zaidi ya sentimeta 75, pua pana mno, na meno kama visu. Lilikaa makumbushoni karibu miaka 60 pasipo kupewa jina rasmi. Jina lilitolewa mwaka 2022, nalo ni la Kiswahili: Mambawakale ruhuhu. Hakuwa mamba hasa kama tunavyomjua, kwa kuwa alitembea nchi kavu na kuwinda huko. Alikuwa katika mlango wa mamba, jamaa wa mababu zao. Yeye na wenziwe wa zamani zile walikuwa na dirisha mbele ya jicho, lile lile tulilolikuta katika kichwa cha kuku jikoni. Mamba wa baadaye waliliziba kidogo kidogo katika muda mrefu sana.

Na katika mawe hayo hayo ya Ruhuhu wamo majirani wa mlango wa pili, wa ndege na dinosauri. Mmoja aliitwa Asilisaurus kongwe, mwaka 2010. Jina lake limeunganisha neno letu “asili” na neno la Kigiriki, na “kongwe” mnalijua. Alikuwa mla majani, mwembamba, na ncha ya taya lake la chini yaelekea ilikuwa na mdomo mgumu kama wa ndege. Mwingine ni Teleocrater. Mifupa yake iliokotwa mwaka 1933, mtaalamu Alan Charig akaichungua katika miaka ya 1950, lakini haikutangazwa rasmi mpaka mwaka 2017, Charig akiwa amekwisha kufariki. Teleocrater alikuwa wa mlango wa ndege, hata hivyo alitambaa kwa miguu minne, na kifundo cha mguu wake kilifanana na cha mamba. Twaona basi kwamba jinsi tunavyorudi nyuma, ndivyo milango hii miwili inavyozidi kufanana, kama watoto wa ndugu wawili waliokuwa bado wanaishi katika boma moja. Leo mmoja anaruka angani na mwingine amelala matopeni, nao hawasalimiani.

Hapa kuna mtego wa maneno, ambao pengine ndio uliotunasa sisi. Neno “dinosauri” lilitungwa mwaka 1842 na Mwingereza Richard Owen kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya “mjusi wa kutisha.” Jina likaenea, na kila aliyelitafsiri akaandika “mjusi.” Lakini dinosauri hawakuwa mijusi, na jina lililokosewa halibadili mifupa. Hata baadhi ya vitabu vya shule bado husema mijusi wakubwa. Katika mwaka 1861 huko Ujerumani lilitangazwa jiwe lenye alama za kiumbe aliyekuwa na manyoya ya ndege pamoja na mkia mrefu wa mifupa, na baadaye ikaonekana kwamba mdomo wake ulikuwa na meno. Tangu hapo wataalamu walibishana zaidi ya miaka mia moja. Ubishi umekwisha: ndege wametoka katika dinosauri.

Tumesema kwamba kufanana peke yake si udugu. Mfano mzuri kuliko yote umetoka karibu nasi, katika bonde la Rukwa, ng’ambo ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kiumbe aliyeishi huko yapata miaka milioni 105 iliyopita. Alikuwa na ukubwa wa paka wa nyumbani, na fuvu lake lingelala katika kiganja cha mkono. Miguu yake ilikuwa mirefu na myembamba, magamba magumu yalikuwa yamepungua mwilini ila mkiani. Kinywa chake kilikuwa kimefumba, taya kwa taya, hata meno ya ndani hayakuonekana. Ikabidi fuvu lipigwe picha kwa mashine ya eksirei, ile inayotumika hospitalini kumtazama mgonjwa kipande kwa kipande. Picha zilipotoka, watazamaji walishangaa. Mbele palikuwa na chonge, kama za paka. Nyuma palikuwa na magego yenye makali, ya juu yakikutana na ya chini, yenye kutafuna!

Mamba wa ziwa letu hatafuni. Meno yake yote ni ya namna moja, ya kushika na kurarua, naye humeza mapande. Kutafuna ni kazi ya mbuzi, ya mbwa, ya mtu. Aliyeyaona magego yale tu, bila fuvu, angeapa kwamba ni ya mnyama anyonyeshaye. Lakini mifupa mingine yote ya kichwa na ya mwili ilitoa ushahidi kwamba yule alikuwa mamba. Wakamwita Pakasuchus kapilimai. “Paka” ni neno letu. “Suchus” ni jina la kale la mamba. Na “kapilimai” ni kwa heshima ya hayati Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ya Rukwa.

Basi kiumbe huyu ana meno ya paka naye si jamaa wa paka. Mamba ana mkia wa mjusi, magamba ya mjusi, tumbo lililo karibu na ardhi kama la mjusi, naye si mtoto wa nyumba ya mjusi. Kazi moja huweza kuwapa viumbe wawili wasiohusiana chombo cha namna moja, kama vile seremala wa Fizi na seremala wa Kigoma wawezavyo kuwa na misumeno inayofanana bila kuwa ndugu. Ndiyo maana mtaalamu haoni haya kuhesabu vitundu vidogo vya fuvu, ambavyo mpita njia angevidharau. Hapo ndipo tulipokosa sisi: tulitazama mkia.

Wataalamu nao hukosa. Kilimani Tendaguru, bara ya Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosauri zaidi ya tani 200. Mkubwa wao leo anaitwa Giraffatitan. Mifupa yake imesimamishwa makumbushoni Berlin tangu mwaka 1937, na urefu wake toka sakafu hadi utosi ni mita 13 na zaidi. Fuvu lake lina matundu ya pua juu kabisa, karibu na macho. Kwa hiyo watu walisema: hapana shaka alisimama chini ya maji, akatoa utosi tu ili avute pumzi. Picha za namna hiyo zilijaa vitabuni. Mwaka 1951 Mwingereza Kermack alieleza kwamba katika kina kile uzito wa maji ungekibana kifua chake asiweze kuvuta hewa. Mwaka 2001 Mmarekani Lawrence Witmer alionyesha tena kwamba tundu la mfupa si lazima liwe mahali pua ya nyama ilipo, na kwamba pua yenyewe yaelekea ilikuwa mbele, karibu na mdomo. Tunaliandika hili ili mwanafunzi wetu asijivune kupita kiasi: fuvu husema kweli, lakini mwenye kulisoma aweza kusoma vibaya.

Kuna jambo lingine la Tendaguru linalotuchoma. Mizigo ile yote ilibebwa vichwani hadi Lindi, mwendo wa siku nne, na mamia ya wenyeji. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, mtu mwenye jicho kali la kutambua mfupa ndani ya udongo. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 2007 dinosauri mmoja wa Tendaguru apewe jina lake, Australodocus bohetii. Na wale Watanzania wa safari ya mwaka 1963 huko Ruhuhu hata majina yao hayakuandikwa. Walioliteua jina la Mambawakale walisema kwamba limechaguliwa la Kiswahili kwa ajili ya kuwaheshimu hao wasiotajwa. Heshima imefika, imechelewa, na wenyewe hawakuisikia.

Mwanafunzi wetu ameongeza mwishoni: je, mifupa ya namna hiyo yaweza kupatikana katika milima ya Fizi? Tungependa kumjibu ndiyo. Lakini mawe ya milima yetu, kuanzia huko Itombwe, yalikuwako kabla hajatokea duniani mnyama ye yote mwenye mifupa. Wenye kuchimba dhahabu huko wanachimba katika mawe yaliyo mazee kuliko dinosauri mara nyingi. Ziwa lenyewe, kinyume chake, ni la juzi, miaka milioni 9 hadi 12 tu. Zama za dinosauri zimeturuka, zikaacha mawe yake kwingine. Katika nchi yetu ya Kongo mawe ya zama hizo yako upande wa Kisangani, nayo yamehifadhi samaki. Padre Pierre de Saint-Seine aliwaandikia kitabu mwaka 1955, mji ule ulipokuwa bado ukiitwa Stanleyville. Hata hivyo mtu akiona mfupa uliogeuka jiwe, penye kingo za Mutambala au po pote, asiuvunje ili kutazama ndani. Auache mahali pake, aandike mahali hapo ni wapi, na kupeleka habari kwa watafiti wa Lwiro au kwa walimu wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Bukavu. Mfupa usiojulikana ulitoka wapi ni kama shahidi asiyekumbuka siku.

Wapo watakaouliza kama udugu huu wa mamba na ndege wapatana na katekisimu. Ukurasa wa katekisimu ni wa mwenzetu, nasi hatutaingilia shamba lake. Tuseme tu kwamba elimu hii yahusu mifupa ya wanyama, na kwamba tumeisoma bila hofu.

Nakala ya ukurasa huu tumeituma kwa mwalimu, pamoja na barua ya kumwomba radhi, maana aliitegemea kazi yetu naye akaangushwa nayo. Tumemwomba ile sifuri aiandike kwa jina la gazeti. Fuvu la kuku tumelifunga kwa pamba ndani ya kopo la maziwa. Litateremka Baraka kwa gari la juma lijalo, na dirisha la mbele ya jicho tumelizungushia wino mwekundu.